Kupanga riwaya isikupotee: daftari, kadi, jedwali na faili

Mwandishi wa hadithi fupi anaweza kuubeba mswada wake wote kichwani. Wa riwaya hawezi. Riwaya ya maneno 60,000 yenye matukio ya maneno elfu moja moja ina matukio sitini, na ndani yake mna wahusika, nyumba, barabara, mavazi, madeni, magonjwa na siri ambazo lazima zikubaliane kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mtu akikwama katikati ya rasimu hudhani ameishiwa na hadithi, kumbe ameishiwa na kumbukumbu: hajui tena nani ameshaambiwa nini, Jumanne ile ilikuwa ya mwezi gani, wala ile sura ya tisa nzuri iko katika simu ipi.

Vifaa vinavyopendekezwa hapa ni vichache, na kila kimoja kina kazi yake. Daftari la mfukoni linakamata wazo, kadi zinapanga msuko (mtiririko wa matukio), jedwali la matukio linalinda ukweli wa hadithi, faili moja linabeba mswada, na nakala za akiba zinakukinga na wezi na kupotea kwa stima. Ukiwa na muda wa kifaa kimoja tu, chagua jedwali.

1. Kukamata wazo

Nunua daftari dogo la A6 lililoshonwa kwa uzi. Yale ya gundi hupukutika kurasa baada ya miezi michache ya kukunjwa mfukoni. Kila wazo lipewe ukurasa wake, na juu uandike tarehe na herufi moja: W kwa mhusika, M kwa mahali, T kwa tukio, L kwa lugha, yaani maneno uliyoyasikia watu wakisema.

Andika sentensi kamili. "Mzee na chenji" haitakuambia chochote baada ya wiki mbili. "Mzee muuza mayai pale kituo cha mabasi cha Kencom, Nairobi, anahesabu chenji kwa sauti ili mteja asirudi kudai mara ya pili" tayari ni nusu ya tukio. Mara moja kwa wiki, siku ile ile kila wiki, hamisha kila ukurasa uende mahali pake: kwenye kadi, kwenye jedwali au kwenye daftari la ukweli litakaloelezwa mbele. Kisha ukate mstari juu yake. Ukurasa usiokatwa ni kazi ambayo haijafanywa.

Simu inafaa pia, lakini kwa masharti. Ndani ya matatu iliyokwama kwenye foleni, simu iliyo karibu na dirisha hunyakuliwa kwa sekunde moja, kwa hiyo kaa kiti cha ndani au tumia karatasi. Ukirekodi sauti, anza kwa kutaja jina la riwaya na mhusika, na usipite dakika moja. Rekodi ya dakika saba hairudiwi kusikilizwa. Kujitumia ujumbe kwa WhatsApp ni daraja zuri la kuvukia tu. Ukifanya WhatsApp iwe ghala, mawazo yatazama chini ya risiti na picha za harusi, na siku utakapobadilisha simu bila kuhifadhi mazungumzo, yatakwenda yote.

2. Kadi za msuko

Huhitaji kutafuta kadi za kigeni. Chukua karatasi 50 za manila za A4, upeleke kwenye duka la uchapaji, River Road jijini Nairobi au karibu na kwako, uombe zikatwe vipande vinne vinne kwa mashine. Utapata kadi 200 za milimita 105 kwa 148, ambazo zinatosha riwaya moja na marekebisho yake. Usikate kwa makasi. Kadi zisizolingana hazishikiki kama pakiti, na utakuwa unazipanga upya kila mara.

Kila kadi ni tukio moja. Kona ya kushoto, kwa penseli, weka namba. Kona ya kulia, jina la mhusika ambaye tunaona mambo kupitia macho yake. Katikati, mistari miwili: anataka nini, na nini kinamzuia. Chini kabisa, mstari mmoja: nini kimebadilika tukio linapoisha. Mstari huu wa mwisho ndio unaoamua. Kama kila unachoandika hapo ni "wanazungumza" au "anakumbuka utotoni", basi tukio hilo halijapata sababu ya kuwepo.

Hesabu namba kwa makumi: 010, 020, 030. Siku utakapogundua kwamba unahitaji tukio kati ya 020 na 030, utaliita 025 na hutagusa kingine chochote. Wanaohesabu moja, mbili, tatu hulazimika kufuta namba arobaini kila wanapoongeza tukio, na baada ya mara ya pili huacha kabisa kutumia kadi.

Chora mstari wa rangi kwenye ukingo wa juu kwa kila uzi wa hadithi. Nyekundu iwe kesi ya shamba, buluu iwe ndoa, kijani iwe kijana anayetafuta kazi. Rangi zisizidi nne. Kisha zitandaze sakafuni au kitandani, usimame, utazame kutoka mbali. Ukiona kadi kumi mfululizo bila buluu, msomaji atakuwa ameisahau ndoa, na utakapoirudia atahisi umemtolea mtu asiyemjua.

Kama unataka ziwe ukutani na nyumba ni ya kupanga, achana na misumari. Tumia selotepu ya karatasi, ile ya mafundi wa rangi, kwa sababu haing'oi rangi ya mwenye nyumba. Au funga kamba kutoka dirisha hadi kabati na uning'inize kadi kwa vibanio vya nguo. Kabla ya kuzikusanya, zipige picha kwa mpangilio wake. Mtoto mmoja au upepo mmoja wa Agosti unatosha kuvuruga kazi ya mwezi mzima.

Usijaze kadi zote kabla ya kuanza kuandika. Jaza za theluthi ya kwanza, jaza tatu au nne za mwisho, na katikati acha kadi tupu zenye namba tu. Anayepanga kila kitu kwa siku thelathini huanza kuandika akiwa amechoka na hadithi ambayo hata haijazaliwa.

3. Jedwali la matukio

Fungua Excel, LibreOffice Calc au Google Sheets. Asiye na kompyuta achukue kaunta buku ya A4 ya kurasa 192 na apige mistari kwa rula kuvuka kurasa mbili zinazotazamana. Kila mstari ni tukio. Safu ni hizi: namba ya tukio, sura, tarehe, siku ya wiki, saa, mahali, mtazamo wa nani, wahusika waliopo, kinachobadilika, vitu muhimu, nani amejua nini, hali ya rasimu, na la kuangalia.

Kuna mitego mitatu ya mashine inayowakamata wengi. Wa kwanza: ukiandika 010, programu hufuta sifuri na kubakiza 10, na namba haifanani tena na ya kadi. Chagua safu nzima kwanza na uifanye ya maandishi, au anza kila namba kwa alama ya king'ong'o ('). Wa pili ni tarehe. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani husoma 04/03/2013 kama tarehe 3 Aprili, ilhali wewe ulikusudia 4 Machi, siku ya uchaguzi mkuu. Badilisha mpangilio wa nchi kwenye kompyuta au programu uwe Kenya au nchi nyingine inayotanguliza siku, au andika mwaka kwanza: 2013-03-04. Wa tatu: Excel haielewi tarehe za kabla ya mwaka 1900, kwa hiyo riwaya ya kihistoria ya zama hizo iwe na tarehe za maandishi tu.

Usikisie siku ya wiki. Kama tarehe iko kwenye C2, andika =TEXT(C2,"dddd") na programu itakutajia siku. Msomaji wa Nairobi anakumbuka kwamba bomu la ubalozi wa Marekani la 7 Agosti 1998 lililipuka siku ya Ijumaa, na kwamba jaribio la mapinduzi la 1 Agosti 1982 lilikuwa Jumapili. Ukimpeleka mhusika kanisani asubuhi ile ya 1998 kana kwamba ni Jumapili, umeshampoteza msomaji huyo.

Safu ya saa inahitaji uangalifu ambao mwandishi wa Kiingereza hauhitaji. Mswada wako unasema "saa tatu usiku" na mashine inataka 21:00. Weka safu mbili: moja ya mashine, ya kupangia, na moja kama ilivyoandikwa kwenye hadithi. Kubadilisha ni rahisi. Kwa saa za mchana ongeza 6: saa tatu asubuhi ni 9:00, saa kumi na moja jioni ni 17:00. Kwa saa za usiku ongeza 18, na ikifika au kupita 24 utoe 24: saa tano usiku ni 23:00, saa tisa usiku ni 27 utoe 24, yaani 3:00. Saa kumi na mbili ihesabu kama sifuri, na utapata 6:00 ya alfajiri au 18:00 ya magharibi.

Hapo ndipo tarehe huteleza. Saa sita usiku mashine inahamia siku mpya, lakini wahusika wako bado wanasema "leo usiku". Tukio la saa nane usiku baada ya sherehe ya Jumamosi, kwenye jedwali ni la Jumapili saa 2:00. Ukiliandika Jumamosi 2:00, programu italipanga kabla ya sherehe yenyewe. Katika mswada tumia "usiku wa kuamkia Jumapili" palipo na hatari ya kuchanganya. Msomaji ataelewa mara moja, nawe pia miezi sita baadaye.

Safu ya "nani amejua nini" ndiyo inayookoa riwaya yenye siri. Ikizidi kujaa, ihamishie kwenye ukurasa wake. Siri ziende chini kwa mistari, wahusika waende juu kwa safu, na katika kila chumba uandike namba ya tukio ambamo mhusika huyo aliijua siri hiyo. Tuseme Mwende anajua katika tukio 140 kwamba hati ya shamba iliuzwa, na Baba Kioko anajua katika 090. Sasa una kanuni: Mwende hawezi kuugusia uuzaji huo popote chini ya 140, wala kumchukia mtu kwa ajili yake. Kosa la aina hii hutokea hasa pale matukio yanapohamishwa. Unapochukua kadi na kuipeleka mbele au nyuma, angalia mambo matatu kabla ya kulala: nani alikuwa amejua nini, kitu gani kilikuwa mkononi mwa nani, na mtu gani alikuwa mgonjwa, amefungwa au safarini.

Vitu ni vile ambavyo hadithi inavitegemea: simu, panga, barua, kitambulisho, gari. Andika "simu ya Kioko iliibwa 070", na utajua kwamba hawezi kupiga simu 080 kabla hujasema amepata nyingine.

Dakika tano za mwisho za kila kikao cha kuandika ziwe za jedwali. Ukiliacha kwa wiki tatu, kulijaza kutakuwa kazi ya siku nzima na hutaifanya.

4. Daftari la ukweli

Hili ni la mambo yasiyobadilika. Linaweza kuwa kaunta buku nyingine, folda ya Google Docs, au programu ya Obsidian, ambayo huhifadhi kila ukurasa kama faili la maandishi matupu kwenye mashine yako na kukuruhusu kuunganisha kurasa kwa kuandika jina ndani ya mabano mraba mawili. Obsidian hufanya kazi bila intaneti, jambo la maana siku bando limeisha.

Kwa kila mhusika andika mwaka wa kuzaliwa na si umri, kwa sababu umri hubadilika hadithi ikisonga na mwaka haubadiliki. Andika alikosomea, anachoogopa, alama ya mwilini, namna anavyozungumza. Kisha fungua sehemu ambayo miongozo mingi huiruka: anaitwaje na nani. Mtu mmoja wa Nairobi ana majina manne au matano. Jirani wa ploti humwita Mama Kioko, kazini ni Madam, mdogo wake humwita Mwende, mumewe akiwa amekasirika humwita kwa jina la ubatizo, na mwanawe akiongea Sheng humwita mathe. Usipoandika nani anamwita vipi, mume atamwita Madam katika sura ya kumi na mbili, na mhariri atauliza kama kuna dhihaka. Ongeza pia nani anamwamkia nani na kwa maneno gani. Kijana wa Eastlands na shangazi yake kutoka Mombasa hawasalimiani kwa namna moja, na shikamoo iliyowekwa mahali pasipostahili husikika kama mgeni aliyeingia chumbani.

Majina yenyewe yana sheria zake. Familia ya Wakikuyu inayofuata desturi humpa mwana wa kwanza jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama, kwa hiyo binamu watatu wanaweza wote kuitwa Kamau. Ni kweli ya maisha, lakini ndani ya riwaya itakubidi uwatofautishe kwa jina la utani au la mama. Mjaluo aitwaye Otieno alizaliwa usiku, na Okoth wakati wa mvua. Ukiandika tukio la kuzaliwa kwake adhuhuri ya jua kali, eleza kwa nini. Zaidi ya hayo, usiwe na Mwende, Mwikali na Mwangi ndani ya chumba kimoja. Jicho la msomaji hushika herufi za mwanzo na kubabaika.

Ukurasa mwingine uwe wa mji. Nairobi hubadilika haraka, na riwaya iliyowekwa mwaka fulani lazima iheshimu mwaka huo. Kiini cha orodha kinaweza kuanza hivi: mstari wa manjano na mikanda ya usalama kwenye matatu, Februari 2004, M-Pesa, Machi 2007, barabara kuu mpya ya Thika kukamilika, 2012, treni ya SGR ya Mombasa, mwisho wa Mei 2017, marufuku ya mifuko ya plastiki, 28 Agosti 2017, noti za zamani za shilingi 1,000 kukoma kutumika, mwisho wa Septemba 2019, barabara ya juu ya Expressway, 2022. Mhusika wa mwaka 2003 hatumi pesa kwa simu. Anampa dereva wa basi bahasha, au anampa mtu anayekwenda nyumbani. Wa Desemba 2018 habebi nyanya kwa mfuko laini wa plastiki bila hofu ya kukamatwa. Ongeza mvua: masika kati ya Machi na Mei, vuli kati ya Oktoba na Desemba. Na jua: Nairobi iko karibu mno na ikweta hivi kwamba alfajiri na magharibi hazihami sana mwaka mzima, kwa hiyo hakuna jioni ndefu ya saa tatu yenye mwanga.

Unapochimba magazeti ya zamani kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, andika papo hapo jina la gazeti, tarehe na ukurasa, na uyatenganishe maneno uliyoyanakili neno kwa neno kwa kuyatia alama za kunukuu. Bila alama hizo utayachukua baadaye ukidhani ni yako.

Ukurasa wa mwisho ni wa tahajia. Amua mara moja: Buruburu au Buru Buru, mswada au muswada, Sheng kwa italiki au la, namba kwa maneno au tarakimu. Mhariri ukimkabidhi ukurasa huu pamoja na mswada atakushukuru.

5. Faili la mswada

Mswada uwe na makao mamoja. Word inatosha watu wengi, na LibreOffice Writer ni ya bure na inafanya kazi ile ile. Kila kichwa cha sura kipe mtindo wa Heading 1 na kila tukio Heading 2 lenye namba yake. Kisha, katika Word, fungua Navigation Pane kutoka kwenye View. Matukio yote yatajipanga kando, na utaweza kuburuta tukio zima kwa kipanya hadi mahali pengine. Namba hizo utazifuta siku ya kupeleka kwa mchapishaji.

Google Docs ina faida ya kuhifadhi historia ya matoleo yenyewe, na inafunguka kwenye simu. Ina kasoro mbili. Faili likiwa refu sana huwa zito kwenye laptopu dhaifu, kwa hiyo ligawe sehemu tatu au nne. Na bila intaneti halitafunguka usipokuwa umewasha matumizi ya nje ya mtandao mapema, kwa kila faili, ukiwa bado na bando.

Scrivener imetengenezwa kwa ajili ya waandishi, na kadi, mswada na utafiti hukaa humo pamoja. Ni ya kulipia, ila unaweza kuijaribu siku 30 zinazohesabiwa kwa siku unazoifungua tu. Tahadhari moja: kwenye Windows mradi wake si faili moja bali folda yenye mafaili mengi. Ukiifunga laptopu huku folda hiyo bado inapakiwa mtandaoni, nusu hupanda na nusu hubaki, na mradi huharibika. Funga programu kwanza, subiri upakiaji uishe, ndipo uzime. Ukiinakili kwenye flashi, tumia nakala yake iliyobanwa ya ZIP. Mwenye Windows ya zamani na asiyetaka kulipa ajaribu yWriter, ambayo iliundwa na mwandishi wa riwaya, Simon Haynes, na hugawa kazi kwa sura na matukio pamoja na orodha ya wahusika na vitu.

Sasa kutafuta na kubadilisha, ambako Kiswahili kina mitego yake. Ukitafuta "anajua" hutapata "alijua", "amejua" wala "hajajua". Tafuta shina, "jua", ukiwa hujawasha chaguo la maneno kamili, na uvumilie majibu machache ya jua la angani. Kubadilisha jina la mhusika ni kinyume chake: lazima uwashe Find whole words only pamoja na Match case. Ukimbadilisha Juma kuwa Hamisi bila hayo, Jumamosi itakuwa Hamisimosi. Ukimbadilisha Ali kuwa Omari, kila sentensi inayoanza na "Alisema" itaanza na "Omarisema". Majina kama Rehema, Neema na Baraka ni maneno ya kawaida pia, kwa hiyo yapitie moja moja na usibonyeze Replace All.

Ukibadilisha mhusika wa kiume kuwa wa kike, sarufi haitakupigia kelele, maana "alikuja" ni ya wote. Makosa yatajificha kwenye maneno ya ukoo na ndoa. Tafuta haya: baba, mama, kaka, dada, mjomba, shangazi, mke, mume, binti, ameoa, ameolewa, bwana, bibi.

Kuhusu idadi ya maneno, usijipime kwa viwango vya miongozo ya Kiingereza. "Nilimwambia" ni neno moja kwetu, na kwao ni matatu. Riwaya ile ile kwa Kiswahili huwa na maneno machache zaidi. Pima kwa kurasa au kwa idadi ya matukio.

Na kila kipande unachokikata kihamishie kwenye faili liitwalo makapi, pamoja na namba ya tukio. Mtu hukata kwa ujasiri zaidi akijua hakuna kinachotupwa.

6. Matoleo na wasomaji

Jina la faili lianze na tarehe, mwaka ukitangulia: 2025-03-14_shamba_R2. Yatajipanga yenyewe kwa mfuatano. Maneno kama "mwisho" na "mwisho kabisa" yapigwe marufuku, kwa sababu baada ya mwezi hakuna ajuaye mwisho ni upi. Anza jina jipya kila unapoanza rasimu mpya au kabla ya mabadiliko makubwa. Huna haja ya kufanya hivyo kila siku.

Wasomaji wa kwanza wapelekee PDF yenye tarehe kichwani na namba za kurasa. Ukituma faili la Word kwa WhatsApp, mmoja atalisahihisha kwenye simu na kukurudishia, na sasa una miswada miwili inayokwenda njia tofauti. Likishatokea, Word ina Compare chini ya Review, ambayo hulinganisha mafaili mawili na kukuonyesha tofauti.

Maoni yanayokuja kwa sauti, kwa simu na kwa mdomo yakusanye kwenye jedwali moja: msomaji, tukio, alichosema, uamuzi wako. Usirekebishe chochote hadi wote wamalize. Wasomaji watatu wakichoka mahali pamoja, tatizo ni la tukio. Mmoja akichoka peke yake, subiri.

7. Akiba

Weka nakala tatu: moja kwenye mashine, moja kwenye flashi au diski isiyolala pamoja na laptopu, moja mtandaoni. Sababu ya flashi kulala mbali ni kwamba mwizi huchukua mfuko mzima. Ikabidhi kwa ndugu au iache kazini, na uibadilishe kila wiki. Kabla ya kuichomoa, iondoe kwa njia salama ya kompyuta. Flashi inayong'olewa ikiwa bado inaandikwa ndiyo chanzo cha kawaida cha mafaili yasiyofunguka. Kwenye saiba epuka kufungulia mswada moja kwa moja kutoka kwenye flashi: nakili kwanza kwenye mashine, fanya kazi, rudisha, kisha ufute na utoke kwenye akaunti yako.

Stima ikipotea, kompyuta ya mezani hupoteza kila kitu tangu uhifadhi wa mwisho. Word hujiwekea nakala ya dharura kila dakika 10 isipobadilishwa, kwa hiyo ingia File, Options, Save, uifanye dakika 2, na bado uzoee Ctrl na S kila mwisho wa aya. Kaunta buku na kadi zipige picha kila mwezi kwenye mwanga wa dirishani, ukurasa baada ya ukurasa, na picha zipande mtandaoni.

Kila mwisho wa mwezi fungua nakala ya flashi na ile ya mtandaoni kwenye mashine nyingine, siyo ile unayoandikia. Nenda hadi ukurasa wa katikati na wa mwisho, uhakikishe tarehe ni ya wiki hii. Kama haifunguki, au mswada unaishia sura ya kumi na nne wakati umefika ya ishirini, tengeneza nakala mpya siku hiyo hiyo kabla ya kuandika neno lingine.